Umewahi kuirejesha? Swali la kumuuliza anayetunza data yenu

Ukiingia katika ofisi nyingi ndogo hapa Pwani, iwe ya chama cha akiba, zahanati, chuo au maktaba, ukauliza kama data yao ina nakala ya akiba, utajibiwa kuwa ipo. Wengine watakufungulia mtoto wa meza wakuonyeshe diski yenyewe, imefungwa mpira ili waya wake usipotee. Sasa uliza swali la pili: mara ya mwisho nakala hii ilirejeshwa lini kwenye kompyuta nyingine, ikafunguka, na hesabu zikalingana? Hapo watu huanza kutazamana.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta na seva za ofisi za namna hiyo, na ni swali hilo la pili lililonifanya niandike makala haya. Sibishani na anayesema ana nakala. Nasema tu kwamba mpaka irejeshwe, hakuna ajuaye kama ni nakala kweli au ni faili lenye jina zuri.

Chukua chama kimoja cha akiba hapa Mombasa. Sitakitaja jina, maana wanachama wake wangali wanalizungumza jambo hili kwa uchungu. Michango ya watu zaidi ya 300 ilikuwa ndani ya hifadhidata ya MySQL, kwenye kompyuta moja iliyokaa chini ya meza ya mhasibu. Siku moja stima ilikatika ikarudi kwa kishindo, kompyuta ikaungua na diski yake nayo ikafa. Wiki hiyohiyo mjane wa mwanachama mmoja alikuwa amekuja kuuliza akiba ya marehemu mumewe, kwani warithi walitaka kugawa mirathi. Nikaitwa. Mweka hazina, mtu mzima, alikuwa mtulivu kabisa. "Fundi, usihangaike," akaniambia, "nakala za kila usiku zimo humu." Akanipa diski ya nje.

Zilikuwamo. Faili moja kwa kila usiku, kwa mpangilio, kila moja na tarehe yake, miezi saba mizima. Nikatazama ukubwa. Kila faili lilikuwa na baiti 20, yaani nafasi ya herufi 20, ambazo hazitoshi hata kuandika majina matatu ya mwanachama mmoja. "Mzee wangu," nikamwambia, "hizi ni bahasha. Barua hazimo."

Ilikuwaje? Fundi aliyeuweka mpango ule, miaka kadhaa kabla yangu, alikuwa ameandika amri ya mstari mmoja: programu ya mysqldump itoe data, kinachotoka kipitishwe kwa gzip ili kifinywe, kisha kihifadhiwe kwenye diski. Kwa muda mrefu ilifanya kazi vizuri. Halafu nywila ya hifadhidata ikabadilishwa, kwa sababu nzuri ya usalama, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha ndani ya ile amri. Tangu usiku huo mysqldump ilikuwa ikibisha hodi, ikikataliwa, na kurudi mikono mitupu. Gzip haikujua lolote. Ilipokea utupu, ikaufinya utupu, ikaandika faili. Utupu uliofinywa kwa njia hiyo ndio hizo baiti 20. Na kwa kuwa kompyuta, ikipewa amri zilizofungamanishwa hivyo, huripoti matokeo ya amri ya mwisho peke yake, na gzip ilikuwa imefaulu, kila asubuhi ripoti ilisema kazi imekwenda salama. Nakala njema za zamani zilikuwa zimeshafutwa na mpango uleule, ili diski isijae.

Daftari likajengwa upya kwa risiti na jumbe za M-Pesa. Waliokuwa wakilipa kwa simu walisalimika. Waliolipa taslimu mkononi, na wengi wao ni wazee, iliwabidi walete karatasi au mashahidi. Yule mama alileta risiti alizozikuta kwenye kasha la mumewe. Za miaka miwili hazikuonekana. Kamati ilikaa naye mara tatu. Walikubaliana kiasi, na mpaka leo hakuna upande unaojua kama kiasi hicho ndicho.

Msomaji asidhani haya ni ya ofisi ndogo tu. GitLab ni kampuni ambayo waandishi wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao kwake. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake mmoja, akihangaika kurekebisha seva ya pili, aliandika amri ya kufuta kwenye seva ya kwanza akidhani yuko kwenye ile nyingine. Alipoikata amri hiyo sekunde chache baadaye, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala. Nakala za kila siku hazikuwapo: programu ya pg_dump iliyokuwa ikizitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata yao ya PostgreSQL ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikikataa kazi kila mara. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani zisimfikie mtu. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza kazi ya saa hizo 6, na kurejesha kukachukua saa nyingi kwa sababu ile nakala ilikaa kwenye diski za mwendo wa kobe. Kampuni iliandika kila kitu hadharani, na hata ukarabati wenyewe ikauonyesha moja kwa moja kwenye YouTube. Nawaheshimu kwa hilo. Wengine wangenyamaza.

Tazama jinsi visa hivi viwili vinavyofanana. Mpango ulikuwapo, programu zilikuwapo, diski zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuifungua nakala siku ya amani.

Programu zenyewe si tatizo, wala si ghali. Zote ninazozitaja hapa ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na unaitumia bila kulipia leseni. PostgreSQL ilianza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. MariaDB ilitoka tumboni mwa MySQL mwaka 2009, na mwanzilishi wake, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake mdogo, Maria, kama alivyokuwa ameipa MySQL jina la binti yake mkubwa, My. Wala si mambo ya mbali na sisi. Mfumo wa DHIS2, ambao nchi yetu inautumia tangu 2011 kukusanya takwimu za hospitali na zahanati, unakaa juu ya PostgreSQL. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, hutumia MySQL. Ukienda kliniki ukaulizwa nambari yako ya kadi, pengine jina lako limo ndani ya mojawapo ya hizi.

Kosa ninalolikuta zaidi ni la kunakili folda. Mtu huona hifadhidata yake ni folda kama ya picha za harusi, basi huinakili vivyo hivyo huku programu inaendelea na kazi. Fikiria karani anahamisha shilingi 5,000 kutoka akaunti ya Akiba kwenda ya Mkopo. Ameshatoa upande mmoja, hajaandika upande wa pili, nawe ukapiga picha ya daftari wakati huohuo. Katika picha yako pesa zimetoka na hazijafika popote. Hifadhidata hufanya mamia ya mambo ya namna hii kwa dakika, na nyingine huwa bado zimo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hazijaandikwa diskini. Folda iliyonakiliwa hivyo huenda ikafunguka, huenda isifunguke, na inayofunguka ikiwa na hesabu mbovu ndiyo mbaya zaidi.

Ndiyo sababu kila hifadhidata ina programu yake ya kutoa nakala. Kwa MySQL, na hifadhidata yako ikiitwa "akiba", ni hivi:

mysqldump --single-transaction --routines --events akiba > akiba.sql

Hilo neno la single-transaction ndilo linaloifanya isome hifadhidata yote kama ilivyokuwa kwa dakika moja, huku makarani wakiendelea na kazi. Hufanya hivyo kwa majedwali ya aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi. Kama mfumo wenu ni wa zamani na una majedwali ya MyISAM, hayo hayalindwi, na afadhali nakala itolewe ofisi ikiwa imefungwa. Yale maneno mengine mawili huchukua taratibu na ratiba zilizoandikwa ndani ya hifadhidata, ambazo bila kuombwa huachwa nje. Kwenye matoleo mapya ya MariaDB utaikuta amri hii kwa jina la mariadb-dump. Faili linalotoka ni maandishi matupu. Lifungue usome. Mstari wake wa mwisho, kazi ikiwa imekamilika, huanza na "-- Dump completed". Mstari huo usipokuwapo, nakala ilikatika njiani. Kuutazama ni kazi ya sekunde 5, na ungekiokoa chama kile.

Kwa PostgreSQL:

pg_dump -Fc -f akiba.dump akiba

Hii hutoa faili lililofinywa tayari, na uzuri wake ni kwamba baadaye unaweza kurejesha jedwali moja tu ukitaka. Lakini haichukui majina ya watumiaji na nywila zao, kwa kuwa hayo ni ya seva nzima na si ya hifadhidata moja. Hayo huchukuliwa kwa amri nyingine, pg_dumpall --globals-only. Nimekuta ofisi yenye data yote salama na hakuna mtu anayeweza kuingia.

Ukiandika amri hizi ndani ya faili la kuendeshwa na cron kila usiku, weka juu kabisa mstari wa set -o pipefail, kama unatumia bash. Mstari huo huifanya kompyuta ikiri kosa hata likitokea kwenye kiungo cha kwanza cha mnyororo. Na usiifundishe kompyuta ikupigie kelele inapofaulu, maana baada ya wiki mbili hutasoma tena jumbe zake. Ikuandikie ikishindwa, au isipofanya kazi kabisa.

Sasa tuje kwenye kurejesha. Kwa PostgreSQL unatengeneza hifadhidata tupu na kuijaza:

createdb jaribio
pg_restore -d jaribio akiba.dump

Kwa MySQL unatengeneza hifadhidata tupu inayoitwa jaribio kisha unaisomesha lile faili: mysql jaribio < akiba.sql. Hapa pana mtego ninaotaka kila fundi kijana aujue. Kama nakala ilitolewa kwa kutumia --databases au --all-databases, ndani yake mna maagizo ya kuhamia kwenye hifadhidata ya asili kwa jina lake. Wewe umeandika "jaribio", lakini faili lenyewe linasema "akiba", na faili ndilo linalosikizwa. Likiendeshwa kwenye seva ya kazi litafuta majedwali yaliyo hai na kuweka ya jana. Jaribio la usalama linakuwa ndilo msiba wenyewe. Kwa hiyo jaribu kwenye kompyuta nyingine. Laptopu kuukuu yenye Linux yatosha.

Kufunguka peke yake hakutoshi. Hesabu wanachama. Jumlisha akiba zote. Chukua watu watatu ambao karatasi zao zimo kabatini, ulinganishe shilingi kwa shilingi. Tazama tarehe ya muamala wa mwisho: ni ya jana au ya mwaka jana? Halafu tazama saa. Kama kurejesha kumechukua saa 5, mkutano mkuu ujue kwamba siku ya ajali watu watasubiri saa 5, na hizo ni kama kompyuta mpya ipo tayari.

Nakala ikae wapi? Wenyeji wa kazi hii wana desturi ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Wazee wetu wangeielewa bila kufafanuliwa. Tenzi za kale zilitufikia kwa kuwa ziliandikwa kwa mkono tena na tena, na miswada ikakaa nyumba tofauti, miji tofauti. Nyumba moja ikivuja, nyingine ina yake. Lakini diski inayokaa kwenye mtoto wa meza uleule yenye kompyuta juu yake itaibiwa na mwizi mmoja, itaungua kwa moto mmoja, na hii hewa yetu ya chumvi itazila zote mbili kwa pamoja. Na ikiwa imechomekwa siku zote, virusi vya kudai fidia vitaifunga pamoja na kompyuta. Ichomoe.

Wanaosema "sisi tumeweka kwenye wingu" nao waulizwe wingu liko wapi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale penye seva. Nasi tuna letu. Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala yake ng'ambo peke yake, akaihitaji siku zile, angekaa akiitazama ikija tone kwa tone. Ya mbali iwepo na ya karibu iwepo.

Kwa kazi ya kupeleka nje natumia restic. Inasimba data kabla haijatoka kwako, kwa hiyo mwenye diski au mwenye wingu hawezi kuisoma, na kila usiku hupeleka vipande vilivyobadilika tu, jambo ambalo anayenunua bando atalithamini. (Ukiitumia, usifinye kwanza kwa gzip, ukifinya, kila kitu kitaonekana kimebadilika.) Amri ya restic check hukagua kama hazina iko sawa, na ukiongeza --read-data inasoma kila kipande mpaka cha mwisho. Lakini nywila ya restic ikipotea, hakuna fundi duniani wa kukufungulia. Iandikwe karatasini, iwekwe kwenye bahasha mbili, kwa watu wawili wasioishi nyumba moja. Mtu mmoja hafai: watu husafiri, huugua, hugombana na kamati.

Kusimba si anasa. Ndani ya faili la nakala mna nambari za vitambulisho, simu, pengine magonjwa ya watu. Flashi yenye nakala isiyosimbwa ikidondoka kwenye matatu, umeidondosha siri ya wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaoshika taarifa za watu wazilinde, na kati ya mambo inayoyataja ni uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali. Inasema kurejesha, si kunakili tu. Mwanachama anayeuliza hilo mkutanoni hatafuti ugomvi.

Kuna waniambiao hawahitaji nakala kwa kuwa wana seva mbili zinazofuatana, moja ikibadilika na ya pili inabadilika. Huo ni msaada wa seva ikiharibika. Karani akifuta jedwali kimakosa saa 4:10 asubuhi, seva ya pili nayo italifuta saa 4:10. Kinachosaidia hapo ni kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hifadhidata hujiandikia yenyewe: MySQL huiita binlog, PostgreSQL huiita WAL. Ukiwa na nakala ya usiku na kumbukumbu hizo, unaweza kurejesha ya usiku kisha ukairudia kazi ya asubuhi hatua kwa hatua mpaka saa 4:09, ukasimama. Programu za pgBackRest na Barman hufanya hivyo kwa PostgreSQL. Kwa chama cha mtaani ni mzigo mkubwa kuliko faida, nami sikipendekezi. Nakala ya usiku na nyingine ya adhuhuri zatosha, na risiti za nusu siku zinaandikika upya. Hospitali ni habari nyingine.

Zahanati moja ninayoihudumia hufanya zoezi hili kila miezi mitatu, na tulikubaliana lisifanywe na mimi wala na mtu wa kompyuta. Mimi hukaa pembeni, nimefunga mdomo. Mara ya kwanza alilifanya muuguzi wa zamu, kwa kufuata karatasi ya maagizo niliyoiandika na wao wakaipitisha. Alikwenda vizuri hadi mstari wa nne, uliosema achomeke diski ya nakala. Kwenye droo mlikuwa na diski tatu za rangi moja. Akanitazama, nami nikatazama ukutani. Akachagua moja, haikuwa yenyewe, akajaribu ya pili. Kazi nzima ilichukua dakika 50, majina ya wagonjwa yalihesabiwa na yakatimia. Kabla hatujaondoka alichukua kalamu ya rangi akaandika NAKALA juu ya diski ile, kisha akaurekebisha mstari wa nne kwa mkono wake.